Mara ya Mwisho Kushuka Ngazi

Msimamizi alikuwa hapendi neno "wengi". Ukimwambia nyumba nyingi za Kibokoni hazipati maji, alikutazama juu ya miwani akauliza, "Ngapi?" Ukirudi kesho yake na idadi, umezihesabu mlango kwa mlango na unajiona umefanya kazi, aliiandika, akaipigia mstari, kisha akauliza, "Katika hizo, niambie moja. Nani huteka, huteka wapi, na huyapandisha ngazi ngapi?" Nilipokuwa na idadi sikuwa na mtu, na nilipokuwa na mtu sikuwa na idadi. Alikuwa na maneno mawili ya kuturudishia kazi zetu, na sote tuliyajua. Leo atasema, "Usinisimulie, nihesabie." Kesho, kwa fomu zile zile, atasema, "Usinihesabie, nisimulie."

Cheo kile kilikuwa cha kazi, lakini kilimganda. Kwa miaka mingi aliwasimamia makarani, yaani sisi tunaobisha hodi na kuuliza watu maswali yaliyotungwa na watu wengine. Ofisi zilikuja na kuondoka, za afya, za maji, za vyuo, na kila iliyotaka kujua jambo kuhusu Mji wa Kale wa Mombasa iliishia kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua milango. Muuza mbaazi wa mtaani pake alikuwa akimtania kila asubuhi, "Msimamizi, leo hutuhesabu?" Naye hujibu bila kusimama, "Nishawahesabu. Mumezidi mmoja, na ni wewe."

Naandika habari zake kwa sababu mwezi uliopita nilipewa orodha ya nyumba za kutembelea, na nyumba yake ilikuwamo. Utafiti wenyewe ni wa wazee. Ofisi inataka kujua ni wazee wangapi wa mitaa ya kale ambao hawawezi tena kutoka majumbani mwao. Wakitosha, zahanati ya karibu itapewa muuguzi wa kuwapandia huko huko juu, kuwapima sukari na kuwafunga vidonda. Wasipotosha, muuguzi atapelekwa kwingine. Kwa hivyo kila mzee anayehesabika ana uzito, na yule anayeandikwa kimakosa kuwa ni mzima anawaondolea wenzake. Nilikwenda. Nilimuuliza maswali yote. Tangu siku ile nimejadiliana na nafsi yangu kila njia, na bado sijui kama nilichomfanyia kilikuwa heshima au kilikuwa woga.

Nilimjua nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Nilihitaji kuandika tasnifu, na mhadhiri wangu aliniuliza swali moja lililonikosesha raha kwa wiki nzima: utafiti wako ni wa takwimu au ni wa maelezo? Aliuliza kama mtu anayeuliza dini. Nikasoma vitabu vya upande huu nikashawishika, nikasoma vya upande ule nikashawishika vile vile. Rafiki yangu akanipeleka kwa Msimamizi, ambaye siku hizo alikuwa akikagua fomu kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, mlango wazi, penseli zake tatu zimechongwa kwa kisu. Nikamweleza mashaka yangu yote, na yalikuwa marefu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kila mtu hulifanya.

"Kwani ni timu za mpira?" akaniuliza. "Wataka kujua nini?"

Nikasema nataka kujua jinsi wazee wa Mji wa Kale wanavyoishi. Akasema hilo si swali, ni zogo. Kisha akanipa somo ambalo sikulipata darasani kwa miaka mitatu. "Wataka kujua ni wangapi, au wataka kujua ni vipi? Ukitaka wangapi, uliza watu tele, kidogo kidogo, na wote uwaulize sawasawa. Ukitaka vipi, uliza wachache, ukae. Na ukivitaka vyote viwili, vua viatu, kuna kazi."

Nikavua viatu. Kwetu ni Kaloleni, na mjini tumepanga Tononoka, kwa hivyo sikuwa mgeni Mombasa, lakini kwenye vichochoro vile nilikuwa mgeni. Sikujua nani huamkiwa kwanza, wala kwamba mlango ulioegeshwa haumaanishi karibu. Yeye hakunicheka. Alinifundisha kubisha, kurudi nyuma hatua mbili, na kutazama chini hadi niitwe.

Kuhusu kuchagua nyumba alikuwa mkali kupita kiasi. Makarani wapya walipenda nyumba za chini, zile zenye maduka upande wa barabara ya Ndia Kuu, ambapo mtu yuko kibarazani na jibu liko mdomoni. Mtu wa ghorofa ya tatu alikuwa kazi: ngazi zimesimama kama ukuta, ndani giza, na ukifika juu huna pumzi ya kuuliza. Kwa hivyo walirukwa. Mwaka mmoja alikuja kijana kutoka ofisi kuu kutufunza, akatuambia kuwa kuchagua sampuli ni sawa na kuonja mchuzi: huhitaji kunywa sufuria zima, kijiko kimoja kinatosha. Sote tukaandika. Msimamizi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mchuzi hukorogwa, babangu," akasema. "Mji huu nani ameukoroga?"

Yule kijana akacheka, kisha akaona kuwa Msimamizi hacheki. Tangu hapo alitutungia utaratibu wake: kila nyumba iliyotoka kwenye orodha itapandwa hadi juu, na haibadilishwi na nyingine hata kama mlango haufunguliwi. Unarudi mara ya pili. Unarudi ya tatu. Mtu akikwambia jirani yake ana maneno mazuri zaidi, unamshukuru na unarudi pale pale ulipotumwa. Nilimuuliza kwa nini tusichukue jirani, kwani si wanafanana? Akasema wanaofungua mlango upesi wanafanana, ndiyo, na tayari tunawajua.

Nilimkosea mara moja, na nalikumbuka kosa lile kuliko siku ya mahafali yangu. Tulikuwa na swali la kuuliza wazee: umezika watoto wangapi? Niliketi mbele ya mzee mmoja, fundi wa zamani wa kuchonga milango, mpole, amenitilia kahawa kwa mkono wake, na nilipolifikia swali lile nikasita. Niliona kuwa nikiuliza nitamuumiza. Nikaona pia kuwa nisipouliza nitakuwa mwongo. Nikafikiri sana, na nilipomaliza kufikiri nilikuwa nimeshaaga na niko nje. Kichochoroni nikaandika "hakuna".

Msimamizi alikuwa na desturi ya kurudia. Katika kila nyumba kumi alizirudia chache mwenyewe, bila kutuambia zipi, akauliza maswali matatu tu na kulinganisha. Alirudi kwa yule fundi. Jioni aliniita, akaniwekea fomu yangu mbele, kidole chake juu ya lile neno. Hakufoka. Aliuliza tu kama ni mzee aliyeniambia au ni mimi niliyemwambia mzee. Nikalia. Akaningoja nimalize, kisha akavaa buibui lake tukaenda pamoja.

Aliuliza swali kama lilivyoandikwa, polepole, bila kulipaka sukari. Yule mzee akasema watatu. Halafu akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na kila jina lilikuja na habari zake, ugonjwa wake, siku yake. Tulikaa saa mbili. Msimamizi hakuingiza neno. Tulipotoka akachukua penseli, akafuta "hakuna", akaandika tarakimu moja: 3.

Niliudhika, na nikamwambia. Saa mbili zote zile, nikasema, na mtu amefungua moyo wake, halafu tunapeleka namba moja?

"Ulitaka nipeleke nini?"

"Aliyoyasema."

"Wao wameomba namba, nimewapa namba ya kweli. Yako wewe haikuwa ya kweli. Hayo mengine nayo yana mahali pake."

Mahali pake palikuwa madaftari. Alikuwa na rafu nzima ya madaftari ya shule, yale ya jalada la buluu, na kila jioni aliandika humo aliyoyasikia yasiyokuwa na nafasi kwenye fomu. Hakuandika jina la mtu, ila alama zake mwenyewe. Hapa sijawahi kumwelewa sawasawa. Alitufunza kuwa maelezo ni ushahidi kama namba zilivyo ushahidi, kwamba yana kanuni zake za kukusanywa na kupangwa, kwamba mtu asiyejua kusikiliza hana haki ya kuandika "waliohojiwa walisema". Lakini madaftari yake hakumpa mtu. Mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alimbembeleza siku tatu, akamwahidi jina lake kwenye kitabu. Msimamizi alimpikia wali wa nazi akamsindikiza mpaka barabarani. Nilipomuuliza sababu aliniambia watu walimpa yeye, hawakukipa kitabu. Nikasema basi utafiti una faida gani? Akaniambia swali hilo hajalimaliza.

Sitara lilikuwa neno alilolitumia sana. Kwa watu wa mitaa ile ya kale, yaliyo ndani ya nyumba hustiriwa: njaa, ugonjwa, ugomvi, vyote vina pazia lake. Kazi yetu ilikuwa kuinua pazia, na yeye aliyeifanya kwa maisha yake yote alikuwa ndiye mtu wa sitara kuliko wote.

Kuna suala moja la salamu, nalo ndilo lililompa jina maofisini, ingawa wakubwa wa huko hawakupenda. Ofisi moja ya afya ilileta hojaji iliyotungwa mbali. Swali la kwanza, mara tu baada ya kujitambulisha, lilikuwa: hali yako ya afya ikoje? Tukalizunguka eneo zima, tukapeleka fomu, na wakubwa wakafurahi. Wazee wa Mji wa Kale walikuwa wazima kuliko wazee wa mahali pengine popote walipopima. Wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema ni samaki. Mwingine akasema ni kupanda ngazi.

Msimamizi alizifungua fomu zile sakafuni, akazipanga, akazitazama siku nzima. Jioni akatuita akatuambia tuigize. Mimi niwe karani, mwenzangu awe mwenye nyumba. Nikabisha. Nikasema masalkheri, nikajibiwa masalkheri. Nikauliza hujambo, akasema sijambo. Watoto hawajambo? Hawajambo. Nyumbani kwema? Kwema. Nikafungua fomu: hali yako ya afya ikoje? "Njema, alhamdulillahi," akajibu mwenzangu, kabla hajafikiri, na pale pale sote tukaona. Hatukuwa tumeuliza swali. Tulikuwa tumeendelea kuamkiana. Na Mombasa hakuna mtu anayejibu salamu kwa kusema mguu wangu umeoza. Mama mmoja aliyekuwa amelala, mguu umefungwa bendeji hadi gotini, alikuwa ameniambia njema, nami nikaandika njema, na bendeji nikaiona, na sikushituka.

Alipeleka habari kwa wakubwa. Wakasema swali haliwezi kuhamishwa, maana litavunja ulinganisho na miji mingine. Akasema mnalinganisha nini, afya au adabu? Mabishano yalichukua muda. Mwishowe wakamruhusu aongeze swali moja, karibu na mwisho, baada ya yale ya chakula na maji, mtu akiwa ameshasahau salamu. Akakaa nalo siku nyingi. Hakutaka neno ugonjwa, hakutaka neno shida, hakutaka neno msaada, kwa sababu kila moja lina pazia lake. Alichoandika ni hiki: "Mara ya mwisho kushuka ngazi za nyumba hii ilikuwa lini?"

Tukarudi kwa watu wale wale. Walijibu bila wasiwasi, kwa kuwa ngazi si aibu. Mfungo mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani, alisema mmoja. Harusi ya mjukuu wangu, alisema mwingine, na mjukuu mwenyewe sasa ana mtoto anayetembea. Ni wangapi katika wale waliosema njema, siwezi kutaja hapa kwa kuwa idadi si yangu kuitoa, na najua nikiandika "wengi" atanuna. Lakini swali lile limebaki. Ofisi zimebadilika, fomu zimebadilika, na swali la ngazi bado lipo, limetiwa kwenye kila utafiti wa wazee tangu hapo. Makarani wa leo hawajui limetoka wapi.

Sitaki aonekane mtakatifu. Alikuwa na kiburi cha kazi, na kwa makarani wavivu alikuwa na ulimi. Kwenye mahojiano alikataza mtu kutiliwa maneno mdomoni, ila nyumbani kwake hukumaliza sentensi. Alikumalizia yeye, na mara nyingi alikosea. Alihesabu kila kitu, ngazi, madirisha, paka, lakini ukimuuliza umri wake alisema, "Andika mtu mzima." Na jambo lililotuchekesha kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kuhojiwa. Kampuni zikimpigia simu kumuuliza maswali mafupi kuhusu huduma zao, aliwadanganya kwa raha zake. Nilikuwapo siku alipomwambia binti mmoja wa simu kuwa ana ng'ombe wanne na anaishi ghorofani nao. Nikamuuliza hivi ndivyo unavyoharibu kazi ya watu? "Hajaniamkia vizuri," akasema, akarudi kwenye fomu zake.

Zilipokuja simu za kukusanyia majibu badala ya karatasi, tulidhani atazichukia. Akazipenda. Zinaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na akasema sasa atamjua aliyekaa dakika tatu na kudai amehoji nyumba nzima. Lakini ofisi zilianza kumwona mzito. Nyumba tatu kwa siku, walisema, wakati vijana wanafanya kumi. Hawakumfukuza. Simu yake iliacha kulia, basi.

Mwanzoni nilikuwa nikimtembelea. Halafu nikapata kazi ya kuandikisha mizigo kwenye bohari moja la Shimanzi, natoka alfajiri narudi vumbi tupu, nikakosa wiki moja, zikawa mbili. Kila wiki iliyopita ilifanya ziara inayofuata iwe ngumu zaidi, maana ingebidi nieleze wiki zote zilizotangulia. Nilitunga maelezo. Nilipoyamaliza yalikuwa yamepitwa na wakati, nikatunga mengine. Mwaka na nusu ukapita hivyo. Kazi ya bohari ilipokwisha nikarudi kwenye ukarani, kibarua cha miezi miwili, na orodha ikaja, na namba ya nyumba yake imo.

Ningeweza kumwomba mwenzangu aende. Nilimwendea hata nikafungua mdomo. Lakini ningempa sababu gani? Kwamba namjua aliye ndani? Hiyo ilikuwa sababu ya kwenda na pia sababu ya kutokwenda. Nikaenda.

Mpwa wake, mwanamke wa makamo anayekaa naye siku hizi, alinifungulia. Kile chumba cha chini alichokuwa akikagulia fomu kilikuwa kimefungwa, na mbele ya mlango wake pamewekwa mitungi ya gesi. Yuko juu, mpwa wake akasema. Nikapanda. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunika leso miguuni, na chumbani mlikuwa na udi mwingi, udi wa kufunika harufu nyingine. Amepungua. Uso ulikuwa ule ule.

Tuliamkiana kirefu. Hakuniuliza nilikuwa wapi mwaka na nusu, na maelezo yangu yote yakanibakia mfukoni. Alipoiona simu ya kazi mkononi mwangu, akaelewa.

"Umetumwa," akasema.

"Nyumba imetoka kwenye orodha, mama."

"Basi fanya kazi yako. Usiniruke swali."

Nikaanza. Umri: mtu mzima. Tukacheka, nikamwomba mwaka, akanipa. Afya: njema, alhamdulillahi, akanikonyeza. Chakula, maji, nani huishi hapa. Alijibu kwa ufupi, sauti ya mtu anayemsaidia mwanafunzi kwenye mtihani. Kila nilipokuwa nikigusa kioo niliona swali la ngazi linakaribia. Nikalisoma kama lilivyo. Mara ya mwisho kushuka ngazi za nyumba hii ilikuwa lini?

Alitazama dirishani.

"Ijumaa," akasema.

Kanuni ni kuuliza zaidi jibu likiwa halijakamilika. "Ijumaa ipi, mama?"

"Hii iliyopita. Nilikwenda Bondeni kumtazama dada yangu."

Leso ilikuwa imesogea kidogo, na kidole gumba cha mguu wa kushoto nilikiona, cheusi. Aliona kuwa nimeona. Akaivuta leso polepole, akaiweka sawa, akaniambia, "Andika Ijumaa."

Nikaandika Ijumaa.

Mwisho wa fomu, baada ya maswali, kuna nafasi moja tupu. Inaitwa maoni ya karani. Mhojiwa haulizwi na hasomewi. Ni hapo karani anapoweza kuandika alichokiona kisicholingana na alichoambiwa, na ofisi ikikuta kitu hapo huirudisha nyumba ile itazamwe upya na mtu wa afya. Sikuijaza mbele yake. Nikaaga, nikashuka.

Mpwa wake alikuwa akiningoja chini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi hajagusa kizingiti tangu mfungo pili, miezi kadhaa sasa, kwamba yule dada wa Bondeni ndiye anayekuja huku, kwamba kidonda hakifungi mtu ila yeye mpwa, naye hajui kufunga. Aliniomba nimwandike. Nikamwuliza kama shangazi yake anajua kuwa ananiambia haya. Akatikisa kichwa: hajui.

Nilisimama kichochoroni, mgongo ukutani, simu mkononi. Ya mpwa yalikuwa maneno ya mtu wa pili. Kidole nilikuwa nimekiona kwa sekunde moja, na mimi si daktari. Lakini bendeji ya yule mama wa zamani pia niliiona nikaandika njema. Nikiandika, nitakuwa nimeinua pazia ambalo mwenyewe amelishusha kwa mkono wake, mbele ya macho yangu, na ofisini kila mtu atamsoma. Nisipoandika, hesabu itapungua mtu mmoja ambaye ninajua kuwa yupo. Nikafikiria kumpandia tena nimwulize. Nikafikiria angejibu nini. Kiongozi wetu akapiga simu, kijana mwenye haraka, akasema fomu za leo zifike kabla ya saa kumi, baada ya hapo mfumo unafungwa. Nikatazama: saa kumi kasoro dakika tano. Nafasi ya maoni nikaiacha tupu. Nikatuma.

Kesho yake alasiri alinipigia simu yeye mwenyewe. Nilikuwa nyumbani Tononoka, nakunja nguo. Aliniuliza kama nilifika salama, kama mama hajambo, kama kazi yaenda. Nikamjibu yote. Kisha akauliza kama fomu nimeituma.

"Nimeituma, mama. Nimeandika Ijumaa, kama ulivyosema."

"Na pale mwisho? Pa maoni yako?"

"Sikuandika kitu."

Nikamsikia mwadhini wa msikiti wa mtaani kwao akianza ndani ya simu, na punde baadaye wa upande wetu akaanza dirishani kwangu. Nikamwambia fomu ikishatumwa haifunguki tena. Akasema anajua. Nikamwambia niliona si adabu, baada ya yeye mwenyewe kusema.

"Mimi nilisema langu," akasema. "Pale palikuwa pako. Ungeandika, mwanangu. Ungeandika."